Alama ya Chini

Ukidanganywa na mpita njia, watu watakucheka, na haki yao. Lakini ukidanganywa na mtu mnayechangia naye ukuta, chumvi na machozi, hapo hakuna cha kuchekwa. Aliyepatwa na hayo anavutiwa kiti akae. Dobi wa hadithi hii alichekwa na wengi, wakasema alijitakia mwenyewe kwa kupenda mambo ya mtandao. Waliosema hivyo hawakujua hata nusu ya habari.

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, mgumu wa kuamini. Ukimwambia shati limefuliwa jana, alilinusa kwanza. Ukimwambia utapitia nguo zako kesho, aliitikia "haya" kwa namna ya kukujulisha kwamba ukija keshokutwa hatashangaa. Alifanya kazi katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, chenye dirisha moja, pasi mbili za umeme, pasi ya mkaa ya kumwokoa umeme ukikatika, na meza pana ya mbao nene aliyotengenezewa na mumewe, seremala, mwaka waliooana.

Pembeni mwa meza ile palikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pasi, imezama kwenye mbao. Ilipatikana wakati wa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika akiwa kazini, akaiacha pasi ya mkaa juu ya shati la mteja, akatoka ameshikwa mkono. Alikwenda kujifungua akarudi mikono mitupu, maana mtoto alikuja kimya na akazikwa kimya. Shati alilikuta majivu. Mteja akanunuliwa shati jingine, meza ikabaki na alama yake, na Bi Pasi akaendelea kunyoosha nguo kando ya alama ile miaka yote, bila kuifunika wala kumweleza mtu.

Mimba hiyohiyo ndiyo iliyoleta kitanda. Mumewe alikuwa amekwisha kutengeneza kitanda cha mtoto, cha kubembea, cha mbao ngumu isiyoliwa na mdudu. Baada ya msiba alikigeuza juu chini, akampa mkewe mgongo, akakata mkato mmoja kwa patasi kwenye ubao wa chini, mahali ambapo hakuna ambaye angeuona. Wako wanaume wanaolia kwa macho. Huyu alilia kwa patasi. Kisha wakaja watoto wawili, wa kike na wa kiume, wakalala humo wakakua, na kila mmoja alipokizidi kitanda kwa urefu baba yake alimkatia alama kwenye ukingo wa juu. Majirani wakaanza kukiazima. Ikawa ndiyo desturi: mtoto akishakuwa mrefu, baba yake anakirudisha kitanda mwenyewe kwa seremala, anapewa patasi, anakata alama ya mwanawe. Wenye mapacha walikata mbili na kujigamba wiki nzima. Hadi seremala anafariki, ukingo ulikuwa umejaa, na vijana wengi waliopita mtaani na ndevu zao walikuwa wamelala humo.

Habari ya alama ya chini Bi Pasi alimwambia mtu mmoja tu. Huyo alikuwa fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyeitwa Mama Vifungo. Vyumba vyao viligawana ukuta na kibaraza. Mmoja alishona, mwenzake akanyoosha. Mteja aliyekuja na kitambaa kwa huyu alijikuta ameacha nguo chafu kwa yule. Mama Vifungo alikuwa mcheshi, mpenda watu, aliyezungumza huku pini zimejaa mdomoni na hakuwahi kumeza hata moja. Ndiye aliyemshika Bi Pasi kiuno siku ya kumzika seremala, na ndiye aliyelala naye majuma yale ya mwanzo, wakati nyumba ilipokuwa kubwa kupita kiasi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Bi Pasi ilikuwa shoga yake huyu.

Mambo yalianza pale mwenye nyumba alipoitaka stoo yake ya nyuma, ambamo kitanda kilikuwa kimehifadhiwa. Bi Pasi akampigia simu binti yake, aliyeolewa mji wa mbali na aliyekuwa amejifungua karibuni. Binti akasema amekwisha kununua cha plastiki, chepesi, kinakunjika, na kwamba kile cha baba kitamvunja mgongo. Mtoto wa kiume hakuwa hata na mchumba wa kusingizia. Bi Pasi hakukasirika, au alisema hakukasirika. Alitaka jambo moja tu: kitanda kiende kwenye nyumba yenye mtoto, kilaliwe. Kisigeuzwe kuni, na kisigeuzwe pambo.

Alijaribu kwanza lile soko kubwa la matangazo la kwenye simu, ambamo watu huuza magari, kuku, viwanja na ahadi. Mteja mmoja alimpigia picha na kumwekea tangazo. Majibu yakamiminika kabla pasi haijapata moto. "Bei ya mwisho?" Hakuna hodi, hakuna habari za asubuhi. Mwingine akaandika, "Bei ya mwisho, mama?" na huyo ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote. Mmoja aliuliza kama kinauzwa pamoja na mtoto. Mwingine alitaka kubadilishana na redio isiyotoa sauti. Mwingine, bila kuulizwa, alitoa maoni kwamba mbao kama hiyo inawaka vizuri sana. Akaja mmoja kwa miguu yake, akakizunguka kitanda, akakigonga hapa na pale, akaaga kwa heshima zote, na alipoondoka beseni la vibanio vya nguo likaondoka naye. Bi Pasi akalifuta tangazo. Akasema watu wa humo hawakulelewa, waliokotwa.

Hapo ndipo Mama Vifungo alipotoa pini mdomoni, jambo alilolifanya kwa nadra, akamwambia kuna pengine pa kistaarabu. Paliitwa Kibarazani. Palikuwa ni mahali padogo pa mtandaoni pa kuuziana na kupeana vitu, penye taratibu zake. Huingii mpaka mwanachama akudhamini. Huulizi bei kabla ya salamu. Madalali na wachuuzi hawapokelewi. Kila kitu lazima kije na hadithi yake: kilitoka wapi, kimemtumikia nani, kwa nini kinaondoka. Na anayekipokea lazima alete picha ya kitu hicho kikiwa kazini kwenye nyumba yake mpya. Mama Vifungo alikuwa mmoja wa walezi, yaani wale waliofungulia watu mlango na kuamua magomvi, na cheo hicho alikipenda kuliko cherehani yake.

Bi Pasi aliingia kwa kejeli akanasa. Akawa anasoma kila alipongoja pasi ipate moto. Kulikuwa na mzee aliyeiaga baiskeli yake kana kwamba anaiombea msamaha kwa milima aliyoipandisha. Kulikuwa na mjane aliyegawa viatu vya marehemu, akaeleza jinsi alivyokuwa akivivua bila kufungua kamba, na jinsi alivyomgombeza kwa hilo. Birika la mtu asiyemjua lilimtoa machozi hadi akaunguza kola. Watu wa huko waliitana dada, kaka, mama, walishukuriana, aliyechelewa kujibu aliomba radhi. Mwanamke aliyekuwa akinusa mashati ya watu akaanza kuwaamini watu ambao hata sura zao hakuzijua. Ukimtania, alikujibu kwamba dunia haijaharibika yote, ni wewe tu hujui pa kuangalia.

Siku ya kuandika hadithi ya kitanda, yeye alisema na Mama Vifungo akaandika, maana vidole vya dobi na kioo cha simu havielewani. Akasimulia habari za seremala, ukingo, patasi, na baba wa mapacha. Alipofika mwisho, Mama Vifungo akauliza polepole, "Na ile ya chini?"

"Ile ni yangu."

"Lakini shoga, ile ndiyo itakayowagusa watu."

"Ndiyo maana nikasema ni yangu."

Mama Vifungo akasema sawa, akampapasa goti, wakaendelea na mengine.

Waliokitaka walikuwa wengi, na kila mmoja na maneno yake matamu. Bi Pasi akamwachia shoga yake achague, kwa kuwa ndiye aliyewajua watu wa huko. Mama Vifungo akamchagua mtoto wa dada yake, mwanamke kijana mwenye mimba iliyokuwa inamaliza mwezi. Ni damu yangu, akasema, kitanda kitakuwa kama hakijatoka. Bi Pasi alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alipokea pesa kidogo tu, ya kishika mkono. Akakifuta kitanda kwa mafuta ya mbao, akakitandikia shuka alilolinyoosha kwa mkono wake, akakisindikiza hadi barabarani. Muda si mrefu ikaja picha: kichanga kimelala humo, ngumi imebana shavu. Picha ile aliionyesha kwa kila aliyeleta nguo, hata kwa mtu wa kusoma mita za maji, ambaye hakuwa na nguo wala nafasi.

Miezi ikapita. Upande wa pili wa mji ukafunguliwa mgahawa wa watu wenye nafasi, na wenyewe wakatafuta dobi wa kunyoosha vitambaa vya meza. Bi Pasi akaipata kazi ile. Siku ya kupeleka mzigo wa kwanza alivaa gauni lake la kutokea, akaingia kwa mlango wa nyuma, akapokelewa na mwenye mgahawa mwenyewe, mwanamke mchangamfu, mwenye adabu zake.

"Vya mezani viache hapo, mama," akamwambia. "Vile vidogo vya kufutia mikono, viweke kwenye kile kitanda pale ukutani."

Kilikuwa chenyewe. Kilipakwa vanishi kikang'aa, kikawekwa mahali ambapo kila aliyeingia angekiona. Bi Pasi alipitisha kidole kwenye ukingo akaitafuta alama ya binti yake akaipata, akaitafuta ya mwanawe akaipata. Akasimama hapo, vitambaa kifuani. Hata wakati huo bado alimtafutia shoga yake udhuru. Labda yule mtoto wa dada alikwama, labda alikiuza bila mama yake mdogo kujua, labda hata sasa Mama Vifungo anaona haya namna ya kumwambia. Moyo unaopenda haukosi la kusema.

Basi mwenye mgahawa akaleta wageni wake wawili wakione. Akawaeleza ukingo, patasi, mapacha. Akaeleza vizuri kabisa, hakukosea kitu. Kisha akaondoa vitambaa vilivyokuwamo, akakiinamisha kitanda upande, akasema kwamba hapa sasa ndipo wageni wengi hushindwa kujizuia. Akawaonyesha mkato wa chini. Akasema seremala aliukata kwa ajili ya mtoto wa kwanza, aliyezaliwa hana uhai, na kwamba alimpa mkewe mgongo ili asimwone. Mgeni mmoja akashika kifua. Mwenzake akatoa simu, akainama, akapiga picha.

Habari ya mgongo ilijulikana na watu wawili tu walio hai. Mmoja alikuwa amesimama pale na vitambaa.

Alingoja wageni wakae, kisha akauliza habari ile imetoka wapi. Mwenye mgahawa alimjibu bila kuficha. Alikuwa ametafuta kitu chenye maana cha kuweka pale, akaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja, mlezi wa Kibarazani. Bei ilimfanya asite. Lakini fundi alipomsimulia habari ya chini, hakusita tena.

"Mwanangu," Bi Pasi akasema, "hiyo ya chini ungeacha kuwaeleza watu."

"Kwa nini, mama?"

"Mwenyewe pengine hapendi."

Mwenye mgahawa alimtazama kwa upole, na wala hakuwa na ubaya wowote. "Mama, hadithi hii nimeinunua. Kitanda ningepata popote. Nilicholipia ni hadithi."

Bi Pasi akaviweka vitambaa ndani ya kitanda, kimoja kimoja, pembe kwa pembe, kwa sababu aliambiwa aviweke. Kisha akatoka.

Methali mtu hufundishwa utotoni akaja kuielewa uzeeni. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa mtu aliyeshinda na nguo za watu maisha yake yote, akikagua pindo, akipindua mifuko, akitafuta doa ambalo mwenyewe hakuliona. Alirudi kwa miguu ingawa nauli anayo. Alipofika kibarazani hakuingia kwake.

Mama Vifungo alikuwa anashona kifungo cha koti. Hakukana, na kwa hilo tumpe haki yake. Alipoona tu uso wa mwenzake aliweka koti chini.

"Kumbe mtoto hakulala mle," Bi Pasi akasema.

"Alilala. Picha haikuwa ya uongo."

"Mara ngapi?"

Mama Vifungo akaitazama sindano yake. "Siku ile."

Halafu maneno yakamtoka kwa wingi. Kwamba wakwe walimletea binti kitanda kipya, naye asingeweza kuwavunjia heshima. Kwamba kile cha zamani kilibaki nje kinanyeshewa na mvua, na yeye akamwonea huruma seremala wa watu. Kwamba mgahawa ulijitokeza wenyewe, na pesa zile zilimfaa binti aliyekuwa na hali ngumu. Kwamba alikusudia kusema, kila siku alikusudia, na kila siku ilikuwa na kazi zake. Kuhusu alama ya chini, alisema yule mwenye mgahawa alianza kurudi nyuma, akauliza kitanda hiki kina nini zaidi ya vingine, na yeye ikamponyoka. Halafu, akasema, si vizuri jambo zuri namna ile kukaa gizani. Sasa watu wanalijua, wanalililia, wanalipa heshima yake.

"Na wewe ulishakitoa, shoga yangu," akamalizia. "Kilichotoka mkononi kimetoka."

"Kitanda nilikitoa," Bi Pasi akasema. "Mwanangu sikumtoa."

Mama Vifungo akalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Hilo ndilo lililomuuma Bi Pasi kuliko yote. Angekuwa mwizi mwenye haya, angejua la kumfanya. Huyu aliamini kila neno alilosema. Alikuwa amezoea mno kuvisha vitu hadithi, hata akasahau kwamba hadithi zina wenyewe. Bi Pasi alitaka kumuuliza habari za lile birika lililomliza, kama mwenye birika aliitoa habari ile kwa hiari yake. Akaacha. Alijua kwamba jibu lolote asingeliamini.

Hawakugombana. Ugomvi una faida yake, hufika mahali ukaisha. Bi Pasi aliingiza kiti chake ndani, na kibaraza kikabaki na kiti kimoja. Mgahawani alipeleka salamu kwamba mgongo haumruhusu tena, watafute dobi mwingine. Mteja akimjia na kitambaa cha kushonwa na kuuliza kama shoga yake yupo, alijibiwa kwa adabu kwamba mlango si huu, ni ule. Jioni sauti ya cherehani ilipita ukutani kama zamani, naye akawa anawasha redio.

Mwishowe akapata kazi kwenye hoteli moja, chumba kikubwa cha madobi chenye meza za saruji zilizojengwa ukutani. Akarudisha ufunguo wa chumba kwa mwenye nyumba. Kilichobaki kilikuwa meza. Nyumbani kwake haikupita mlangoni, na hotelini haikuhitajika. Mama Vifungo akamtuma mteja aje amwambie kwamba Kibarazani meza kama ile ingepata bei nzuri sana. Watu wangetaka kujua habari ya ile alama nyeusi ya pembeni, kama angekubali tu kuisimulia. Alikuwa ameiona alama ile miaka yote asijue chanzo chake. Katika yote aliyowahi kumwambia shoga yake, hilo Bi Pasi hakuwahi kulisema.

Akachukua simu, akalifungua lile soko kubwa la waliookotwa. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta: Meza ya mbao. Nzito. Inauzwa.

Hata hajaweka simu chini, jibu likaingia. "Bei ya mwisho?"

Akaitaja. Mchana akaja mtu na mkokoteni, akasalimu nusu, akaanza kuitikisa miguu ya meza kabla hajakaribishwa. Akaikagua juu, akainama akaikagua chini, akaupiga ubao wa juu kwa kiganja. Kidole chake kikatulia pembeni.

"Hii alama ya nini?"

"Ya pasi," Bi Pasi akasema.

"Imeharibu meza. Punguza."

Bi Pasi akapunguza bila kubishana. Akamshikia upande mmoja wakaitoa nje, wakapita mbele ya mlango wa cherehani, wakaipandisha mkokotenini. Yule mtu akaifunga kamba, akahesabu pesa zake, akaondoka bila kuuliza tena kitu chochote, na Bi Pasi akasimama akimtazama mpaka alipokata kona.